Frasila Sita

Nilitaka baba mkubwa aaibike siku ya Idi mbele ya ndugu zake, na nilitumia mwili wa mama mkubwa kumwaibisha. Naanza hapo kwa kuwa nimeshajaribu kuanza kwingine mara nyingi na kila mara nikachana karatasi. Nikianza na ugonjwa, natokea binti mwema aliyemuuguza mzee. Nikianza na utoto wangu, natokea yatima wa kuonewa huruma, na yatima sikuwa. Basi nianze na ubaya wangu, mengine yafuate.

Mama mkubwa ni dada wa mama yangu mzazi. Wote wawili walizaliwa Puge, kwenye nyumba ya wakulima, na mama mkubwa alipokuwa msichana aliwahi kutembea kutoka Puge mpaka Tabora mjini, siku tatu, kikapu cha michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, kichwani. Alipoolewa Kanyenye, kutembea kuliishia hapo. Mumewe alikuwa mfanyabiashara wa nta na asali, mtu wa mji hasa, ambaye babu yake aliingia Tabora na misafara ya pembe na hakuondoka tena.

Babu huyo aliacha mizani. Ilining'inia ukumbini kwenye ndoano ya boriti: mtalimbo wa chuma, na kila upande minyororo minne iliyobeba ubao mpana. Ilipima pembe, kisha ikapima nta. Mawe yake ya chuma yalikaa sandukuni pembeni, kila jiwe frasila moja, ambayo ni kama kilo kumi na sita za siku hizi, na mengine madogo ya nusu na robo. Katika ukoo ule bibi harusi alikalishwa kwenye ubao mmoja, na ubao wa pili ukapangwa mabonge ya nta mpaka mizani ilingane. Nta ile ikawa zawadi yake. Mama mkubwa alitoka frasila tatu na robo. Anasema aliona fahari. Namwamini.

Lakini baba mkubwa hakuishia harusini. Kila Idi el-Fitri, ndugu wakishakula wakanawa mikono, alimwita mkewe akae tena ubaoni, akaanza kupanga mawe upande wa pili huku akihesabu kwa sauti.

"Nilipomchukua?" angeuliza.

"Tatu na robo!" wangeitikia.

"Na leo?"

Wangehesabu pamoja naye, tano, tano na nusu, hadi mwaka niliofikisha miaka kumi na minane walipopiga kelele, "Sita!" Wanawake wakapiga vigelegele, baba mkubwa akapangusa jasho kama mtu aliyeshusha mzigo kutoka kwa warina asali. Mama mkubwa alikaa pale, miguu ikining'inia, mikono imeshika minyororo, akitabasamu na kutazama mlango.

Wakati huo mizani haikuwa na kazi nyingine. Ununuzi wa nta ulikuwa umeshapelekwa kwenye chama cha ushirika, na baba mkubwa alibaki na duka la chumvi, mafuta ya taa na sabuni. Chuma chote kile cha babu yake kilibaki kupima kitu kimoja tu, mke.

Sasa kisa changu mimi. Nililetwa kwao nikiwa na miaka kumi ili nisome mjini. Nilipofika darasa la nne mama mkubwa alikuwa ameshakuwa mzito hata kuinama kuokota kijiko ni kazi. Baba mkubwa akaniambia, bila ukali, kama anayezungumzia mvua: "Mama yako mkubwa hawezi peke yake. Kaa nyumbani kwanza. Shule haikimbii."

Ilikimbia. Nilijifunza mengine yote mwenyewe, kwa magazeti yaliyofungiwa sukari na vitumbua, nikiyanyoosha kwa pasi ya mkaa ili mistari isipinde. Neno nisilolijua nililiandika mara ishirini. Nikikosea la kumi na tisa, naanza moja. Nilifagia ua kwa mistari iliyonyooka, na mtu akikanyaga nafagia upya. Hata leo nikifunga mlango narudi kuutazama mara tatu. Nadhani mtu wa namna hiyo akishika kinyongo anakishika vilevile, anakipanga na kukinyoosha kwa pasi.

Siku moja karatasi ya vitumbua ilileta ukurasa wa afya. Uliwaasa wanawake waliokoma hedhi na kunenepa wautumikishe mwili, watembee na kulima, kwa ajili ya moyo, kwa ajili ya sukari, na pia kwa sababu wazito wa umri huo hupatwa zaidi na uvimbe mbaya wa matiti. Nilipiga mstari chini ya moyo. Nilipiga mstari chini ya sukari. Neno matiti lilikuwa karibu na doa la mafuta, na kwa kuwa wino haukushika vizuri pale, nililiacha.

Nilimsomea mama mkubwa. Akacheka. "Mwanangu, nitatembea wapi? Kutoka jikoni mpaka kitandani?"

Nilimsomea baba mkubwa. Akachukua ukurasa, akaukunja, akafungia chumvi ya mteja.

Kesho yake nilikwenda kwa balozi wa nyumba kumi, fundi viatu aliyefanya kazi barazani kwake. Ilikuwa ile miaka baada ya Azimio la Arusha, kila mtaa ukiwa na shamba lake la pamoja. La kwetu lilikuwa ng'ambo ya Ipuli.

"Shikamoo, balozi."

"Marahaba. Unataka nini, mtoto wa watu?"

"Nimekuja kuuliza tu. Orodha ya shamba la mtaa ni ya watu wazima wote, au kuna walioachwa?"

"Wote. Nani kaachwa?"

"Sijui. Nimeuliza tu."

Akatoa misumari midomoni. "Wewe hujawahi kuuliza tu tangu ulipofika Kanyenye," akasema, lakini alinielewa, na Ijumaa ile akaja dukani. Nilisimama nyuma ya pazia kusikiliza. Sikuwa na haja ya kusimama pale. Sauti ilifika hadi jikoni. Nilisimama kwa utamu wake.

"Mzee, mkeo hatumuoni shambani."

"Mke wangu hawezi jua."

"Mke wa mwenyekiti ana miaka zaidi yake, na jembe analo. Nifanye nini? Niandike kwamba nyumba hii wanakula wasicholima?"

"Andika unavyotaka."

"Nikiandika, mzee, neno lenyewe unalijua. Kupe."

Nikamsikia baba mkubwa, kwa sauti ndogo ambayo sijapata kuisikia kwake: "Atakuja Jumatatu."

Niliuma kanga ili nisicheke.

Jumatatu tulitoka alfajiri. Kutoka Kanyenye mpaka shambani mimi hutumia dakika arobaini. Siku ile tulitumia saa mbili. Mama mkubwa alipumzika kila penye kivuli. Wanawake walishaanza kulima tulipofika, na mmoja wao akasimamisha jembe.

"Jamani, lori la nta limefika!"

"Bibi Frasila, polepole! Mpini utakatika!"

"Ukikatika nitaukalia," mama mkubwa akawajibu akihema, "na nyinyi mtalima kwa meno."

Walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Kuanzia hapo akawa wao.

Miguu yake ilivimba wiki ya kwanza. Wiki ya tatu hatukupumzika mpaka nusu ya njia. Mvua zilipokolea alikuwa anatangulia, na nikaona kwa mara ya kwanza mwendo wake, mwendo wa mtu wa Puge, mabega yametulia, nyonga ndiyo inayofanya kazi. Njiani alisalimia watu kwa Kinyamwezi ambacho nilidhani amekisahau. "Mwangaluka!" angewaambia wazee, nao wangesimama kumtazama. Alilala usiku bila kukoroma. Aliinama kuokota vijiko ambavyo havikudondoka, kwa kuringa tu.

Furaha ile ilikuwa yake. Mimi nilikuwa na uzi.

Ulikuwa uzi wa katani. Kila Ijumaa baada ya kuoga nilimzungushia kiunoni, juu ya kanga, nikafunga fundo pale ulipokutana. Kila fundo jipya lilikaa ndani ya lile la zamani, kwa kuwa kiuno kilipungua. Nilimwambia ni kwa ajili ya afya yake. Ukweli ni kwamba kila nilipovuta fundo likakaza niliona uso wa baba mkubwa siku ya Idi, mkono wake unaondoa jiwe, unaondoa jingine. Nililala na picha hiyo. Naomba nieleweke: nilimpenda mama mkubwa, na bado kila Ijumaa nilimtazama kama mtu anayenoa kisu.

Tulivuna karanga na mahindi, kiangazi kikaingia, shamba likafungwa. Hatukwenda tena Ipuli. Baba mkubwa alirudisha sinia za wali wa samli, na mama mkubwa akarudi kukaa mkekani. Kwa hesabu ya kawaida mafundo yalipaswa kusimama, au kurudi nyuma. Hayakusimama. Yalizidi kuingia ndani, kwa haraka kuliko wakati wa jembe.

Niliona. Hili ndilo nililolizunguka karatasi zote zile nilizochana. Niliona kwamba anapungua bila kutembea, tena anakula nusu sahani, na mimi niliyekuwa nikirudia neno moja mara ishirini sikujiuliza hata mara moja kwa nini. Nilifurahi. Niliona ameanza kufunga kanga juu kabisa, karibu na shingo. Niliona ameacha kulalia ubavu wa kushoto. Alianza kuoga mlango umefungwa kwa komeo, yeye ambaye miaka yote aliniita nimsugue mgongo. Nilipima kiuno. Sikupima kitu kingine.

Idi ikafika. Ndugu wakala, wakanawa. Dada yake baba mkubwa, mwanamke mwenye ulimi unaokata hata nyama ya shingo, alikaa karibu na sanduku la mawe. Alikuwepo pia jirani yetu mmoja, mkunga mstaafu, mama mnene mtulivu ambaye kila mara alikuja na mkeka wake mwenyewe.

"Nilipomchukua?" akauliza baba mkubwa.

"Tatu na robo!"

"Na leo?"

Hakuhesabu moja moja. Kwa kujiamini alipanga mawe sita kwa mpigo. Ubao wa mawe ukashuka ukagonga sakafu, na mama mkubwa akapanda hewani kama mtoto kwenye bembea. Watu wakacheka, wakidhani ni mzaha wa mwenye nyumba. Akaondoa moja. Ubao haukunyanyuka. Akaondoa la pili, polepole, na ubao wa mkewe ukashuka kupita ilivyopasa. Akaongeza la nusu. Mizani ikalingana.

Nne na nusu. Hakuna aliyepiga kelele.

"Ni Ramadhani," akasema baba mkubwa.

"Kaka," akasema dada yake, "Ramadhani imeanza mwaka huu? Mbona zamani alifunga na akatoka sita? Au siku hizi unamlisha upepo wa dukani?"

Mtu akacheka puani. Mwingine akasema biashara ngumu, si kosa lake. Shingo ya baba mkubwa ikajaa jasho. Alishika lile jiwe la frasila akiwa hajui aliweke wapi, akalipeleka kulia, akalipeleka kushoto. Ilikuwa vilevile nilivyoota, hata bora zaidi, na mimi nilisimama mlangoni na birika la chai nikatabasamu wazi ili akigeuka anione. Akageuka. Akaniona.

Hapo mama mkubwa akaanza kushuka. Ubao ukayumba, mnyororo ukamgonga kifuani upande wa kushoto, naye akatoa sauti ambayo sijaisikia tena, fupi, kama mbuzi aliyekanyagwa. Mkunga alikuwa wa kwanza kumfikia. Akamtazama anavyojishika, akamwinua, akaingia naye chumbani, akafunga mlango.

Alipotoka hakwenda kwa baba mkubwa. Alikuja kwangu.

"Nani anakaa naye kutwa?"

"Mimi."

"Nani anampa maji ya kuoga?"

"Mimi."

"Na hukuona? Kuna uvimbe pale kama kokwa la embe, na ngozi imeingia ndani."

Birika lilikuwa bado mkononi. Niliona chai inamwagika kwenye mkeka wake na sikuweza kulinyanyua.

Nikaingia chumbani. Mama mkubwa alikuwa ameketi kitandani, kanga imefungwa tena hadi shingoni.

"Tangu lini, mama?"

"Tangu kupalilia karanga."

Hiyo ilikuwa miezi tisa. "Kwa nini hukuniambia?"

"Ningesema, angefunga mlango. Angesema ni jembe. Nisingeiona Ipuli tena." Akaninyooshea mkono, nami nikashindwa kuushika. "Halafu na wewe. Nilikuona unavyofurahi kila Ijumaa ukifunga fundo. Nikasema, acha mtoto afurahi mpaka Idi."

Sikulia. Nilitafuta nani wa kumlipiza. Nikampata haraka, maana alikuwa amesimama mlangoni.

"Ni jembe," akasema baba mkubwa, kama alivyotabiriwa. "Jembe limempiga kifua. Wewe na balozi wako mmemuua mke wangu." Kumbe alijua nilikokwenda siku ile.

"Ni mafuta yako," nikamjibu, mimi ambaye sikuwahi kumjibu. "Ni samli yako na mlango wako. Imeandikwa. Uliifungia chumvi!"

Tuliendelea hivyo mpaka Mwanza. Safari ya gari moshi ni ndefu, na mama mkubwa alikaa katikati yetu, kichwa dirishani, akisikiliza tukinong'ona juu ya magoti yake. Baba mkubwa alikuwa amebeba blanketi, chupa ya chai na kuku mzima wa kukaanga. Alimpa paja; nikasema asimlishe mafuta. Nikampa chungwa, baba mkubwa akasema nataka kumuua kwa njaa. Mama mkubwa akawapa paja na chungwa lile watoto wa mama aliyeketi mbele yetu.

Hospitalini walimpima, wakatoa kipande, wakakitazama. Ilikuwa kansa. Titi lazima litolewe, na haraka. Daktari alituita sisi wawili kutueleza. Alikuwa kijana, macho mekundu kwa kukosa usingizi, na kabla hajamaliza baba mkubwa alimkatiza.

"Daktari, mwambie huyu mtoto jembe limefanya nini."

"Daktari, mwambie yeye," nikasema. "Mwaka hata mwaka amemfungia ndani akimnenepesha kama ng'ombe wa maonyesho. Mwambie unene umefanya nini."

Nilikuwa nimekuja na uzi wangu mfukoni. Niliutoa nikauweka mezani pake, mafundo yote, kwa mpangilio, nikamweleza ni vipimo vya kiuno. Nilitaka sentensi moja ya daktari niibebe hadi Kanyenye na kumpigia nayo baba mkubwa maisha yake yote.

Daktari aliutazama uzi, akamtazama baba mkubwa.

"Jembe halileti kansa," akasema. "Wala kugongwa. Hilo ulitoe kichwani, mzee."

Moyo wangu ukaruka. Akageuka kwangu.

"Mwanamke aliyekoma hedhi akinenepa sana, hatari yake inaongezeka. Hilo tunaliona. Na anayeutumia mwili, anayetembea na kufanya kazi, inaelekea hatari yake ni ndogo kidogo. Lakini hatari si hukumu, dada yangu. Nimewapasua wakulima wembamba ambao hawajakaa mkekani siku moja. Na kuna wake wa matajiri, wazito kuliko huyu, watakaokufa wazee kabisa na matiti yao. Siwezi kukwambia huyu amepata kwa sababu ya nini. Hakuna atakayekwambia." Akaushika uzi kwa ncha, kama mtu anayeshika nyoka mfu. "Haya mafundo ya mwisho ni ya lini?"

"Kiangazi."

"Alikuwa analima?"

"Hapana."

"Alikuwa anakula?"

"Kidogo."

"Mtu mzima anayepungua namna hii bila kutafuta kupungua analetwa hospitali. Hashangiliwi." Akanirudishia uzi. "Ninachokijua kwa hakika ni miezi. Uvimbe ule umekaa miezi mingi. Nani alijua?"

Baba mkubwa akatazama viatu vyake. Mimi nikatazama vya daktari.

Walimpasua siku mbili baadaye. Alipoweza kuzungumza nilikuwa nimeketi kando ya kitanda, na baba mkubwa amesimama upande wa pili, chupa ya chai kifuani.

"Wametoa lote?" akauliza.

"Lote, mama. Na tezi za kwapani."

"Wamelipima?"

"Kulipima vipi?"

"Kwenye mizani." Akafumba macho. "Mwambie baba yako mkubwa, sita haifiki tena hata akinilisha tembo."

Baba mkubwa alitoka nje. Nilimfuata kwa mbali, nikitaka kumwona analia ili niwe na kitu. Alikuwa amekaa ukutani, anakunywa ile chai mwenyewe, kikombe baada ya kikombe. Niliona, na haikunitosha.

Tuliporudi nyumbani mama mkubwa alipewa mazoezi. Alisimama karibu na ukuta, akatembeza vidole vya mkono wa kushoto juu yake kama buibui, kila siku juu zaidi, ili bega lisigande. Nilichora alama kwa mkaa pale vidole vilipofika. Siku ya kwanza vilifika usawa wa kidevu. Aliuma meno, akatukana kwa Kinyamwezi, akaendelea. Daktari alisema pia atembee kila siku kadiri jeraha litakavyoruhusu, asiachie uzito urudi, na arudi Mwanza kupimwa kila baada ya miezi michache. Uvimbe ungeweza kurudi. Hakusema utarudi, hakusema hautarudi.

Siku vidole vilipopita kichwa chake, baba mkubwa alileta sinia ya wali unaong'aa samli, kusherehekea.

"Rudisha," akasema mama mkubwa. "Kisha njoo ukae. Na wewe, mwenye uzi, kaa."

Tukakaa mkekani kama watoto wa madrasa. Yeye alibaki amesimama, mkono ukutani.

"Mmenigombania kama fisi na mfupa. Huyu anataka niongezeke, huyu anataka nipungue. Miezi tisa, hakuna aliyeniuliza naumwa wapi."

"Mke wangu..."

"Sijamaliza. Kesho alfajiri tunakwenda Ipuli kwa miguu. Na kesho kutwa. Na kila siku mpaka nitakaposema basi."

"Nani?" akauliza baba mkubwa.

"Sisi watatu."

"Mimi? Kwa miguu, asubuhi, mtaa mzima unaniona?"

"Ndiyo nataka wakuone."

Nilicheka. Hakuniacha. "Na wewe hutatangulia, wala hutanyoosha mistari. Utatembea ubavuni mwake, hatua kwa hatua. Akisimama, unasimama."

Sijawahi kupewa adhabu iliyonipima vizuri hivyo. Baba mkubwa hutembea kama kabati linalohamishwa. Husimama kumsalimu kila mtu, si kwa adabu, kwa pumzi. Wanawake wa shambani walimpokea: "Mzee wa mizani, leo unapima barabara?" Mama mkubwa alikuwa mbali mbele, kanga moja imekunjwa na kuwekwa ndani ya blauzi upande wa kushoto, mkono ukipanda na kushuka. Mimi nilikuwa nyuma na mtu niliyemchukia kuliko wote, nikisikiliza kifua chake kikipiga filimbi.

Asubuhi moja alisimama kwenye njiapanda ya Ipuli akaniambia, bila kunitazama, kwamba mama yake alikufa mwembamba, mwaka wa njaa, mikononi mwake, na kwamba tangu utoto akiona mtu ananenepa husema moyoni huyu hafi. Sikutaka kulijua jambo hilo. Lilikuwa zito na nilikuwa nimeshapanga kila kitu bila hilo. Nikamwambia, "Mama mkubwa anatusubiri," na tukaendelea.

Ijumaa ya kwanza ya kila mwezi mama mkubwa anafungua mlango wa bafuni na kuniita. Ananyanyua mkono, mimi napapasa titi lililobaki, makwapa yote mawili, na ukingo wa kovu, taratibu, kama mkunga alivyonifundisha. "Sema," ananiambia. Nasema, "Hakuna kitu." Nikimaliza narudia. Hii ndiyo kazi pekee ambayo hajawahi kunicheka kwa kuirudia.

Idi ikarudi. Ndugu wakala, wakanawa, wakakwepa kuitazama mizani. Mama mkubwa akainuka mwenyewe. Nilidhani anakwenda ubaoni. Akapiga ubao kwa kiganja na kumtazama mumewe.

"Kaa."

"Mimi?"

"Miaka yote hii unapima. Hatujui mpimaji ana uzito gani."

Dada yake alipiga kigelegele kabla kaka yake hajakaa. Akakaa, kanzu imekusanywa magotini, mikono imeshika minyororo, na kwa kweli alikaa vilevile mkewe alivyokuwa akikaa, akitazama mlango. Mama mkubwa akaniambia nipange mawe. Niliyaomba yafike sita. Nilipanga matano, nikaongeza la nusu, ubao wake ukapanda ukasimama, na kila mtu alikuwa akisubiri sauti yangu. Ningeweza kuongeza la nusu jingine na kukanyaga ubao wake kwa kidole cha mguu. Hakuna ambaye angeona. Mama mkubwa alikuwa ananitazama.

"Sema kweli," akasema.

"Tano na nusu."

"Basi tutatembea," akasema, "na Idi ijayo nitampima tena."

Idi ijayo. Watu wakacheka, wakaanza kubishana atatoka ngapi. Baba mkubwa pale juu hakucheka. Alikuwa ameacha kutazama mlango, ananitazama mimi, na niliona kwamba tumewaza jambo moja kwa wakati mmoja, tukimsikia yule mwanamke anavyohesabu mwaka mzima mbele yake kana kwamba ameuweka kabatini, ilhali daktari hakumwahidi. Nilichukia kuwaza kitu kimoja naye. Nikainama, nikasukuma mawe yote kwa mpigo yakatoka ubaoni, na baba mkubwa akashuka na kugonga sakafu kwa makalio, kofia ikamfunika macho.

Mama mkubwa alicheka mpaka akajishika ubavu wa kushoto, pale palipo bapa, akaegemea ukuta ili apate pumzi.